Picha Ngapi kwa Sekunde Moja

Ninyi wadogo mnaochukua leza ya klabu mwaka huu, kaeni vizuri. Anayewaandikia ni mstaafu. Nina miaka kumi na saba, bado nafanya mitihani, bado nafungiwa mlango wa shule nikichelewa, lakini katika kazi ya kupima mwendo wa maji kwa mwanga nimestaafu kabisa. Nilifanya miaka miwili. Msinicheke. Betri za leza yenyewe hazijawahi kufikisha miezi miwili.

Prof Bahati, mwalimu wetu wa fizike, ndiye aliyenituma niwaachie maneno. Alisema, "Andika yale uliyoharibu. Yale uliyofaulu watayaona wenyewe." Ndiyo maana karatasi ni nyingi hivi.

Naandika ndani ya labo, karibu na dirisha, na kila mistari miwili nainua kichwa kutazama milima. Mnajua kwa nini. Hapa Uvira hatuogopi wingu lililo juu yetu. Tunaogopa lile lililokaa kule juu kwa wachungaji wa ng'ombe. Kule inanyesha, huku chini tuna jua, watu wameanika nguo, halafu mto unakuja na mawe yake. Leo milima ina rangi ya sufuria. Basi niandike haraka.

Kazi yenyewe ni hii. Mto ukijaa unaona mgongo wake tu. Tumbo hulioni, na tumbo ndilo linalochimba. Prof alitengeneza mfereji wa mbao wenye ubavu mmoja wa kioo, kioo cha dirisha la zamani la kalasi. (Disipline, mkubwa wetu wa nidhamu, alidhani mimi ndiye niliyevunja lile dirisha. Safari hiyo, hapana.) Ndani yake tukajenga kona ya mto wetu, Kalimabenge, kwa saruji na udongo, ndogo mara ishirini na tano kuliko ile ya kweli. Maji yanatoka kwenye pipa, yanapita konani, yanaangukia beseni, na nyie wadogo mnayarudisha pipani kwa ndoo. Pipa lazima limwagike muda wote. Likimwagika, kimo cha maji hakishuki, na mwendo unabaki uleule. Mtu akiwaambia mnapoteza maji, mwambieni hiyo ndiyo pampu yetu, haina waya na haidai umeme.

Kisha mnafunika kila kitu kwa shitingi nyeusi ya plastiki, hata saa sita mchana, ili mpate giza. Mnalenga kalamu ya leza ya kijani kwenye kijiti cha kioo cha labo. Kijiti kinaufungua ule mwale, unakuwa pazia jembamba kama ukurasa wa daftari, na pazia linakata maji toka juu hadi chini. Kila chembe inayopita ndani ya pazia inawaka. Telefone imesimama upande wa kioo, inafilimu. Mnachukua picha mbili zinazofuatana, mnatafuta chembe ileile, mnapima imesogea milimita ngapi, mnagawanya kwa muda uliopita kati ya picha na picha. Hiyo ndiyo kasi. Mtoto wa shule ya msingi anaweza. Ndiyo sababu nilipewa mimi.

Halafu mnarudia mahali palepale, mara hamsini. Hamtapata jibu moja. Chembe hii inakimbia, ile inasita, nyingine inarudi nyuma kama mtu aliyesahau funguo. Kule kutofautiana ndiko msukosuko, na mnaupima kwa kuona majibu yanatawanyika kiasi gani. Prof anasema kasi ya wastani ni tabia ya maji mbele ya prefe, mkuu wa shule. Msukosuko ni tabia yao prefe akigeuka.

Wenye labo kubwa hawana haja ya kutafuta chembe kwa jicho. Wanakutanisha miale miwili ya leza, na pale inapokutana panatokea mistari ya mwanga na giza, myembamba sana. Chembe ikipita inametameta, na wanahesabu imemeta mara ngapi. Sikuelewa mpaka Prof aliponipeleka kwenye ua wa matete nyuma ya shule, jua likiwa upande wa pili, akaniambia nikimbie. Jua likanipiga usoni, likapotea, likanipiga, likapotea. "Sasa tembea," akasema. Likawa linapiga polepole. "Sasa weye ni chembe," akasema. Nimeitwa mengi shuleni, lakini hilo nililipenda.

Neno moja juu ya macho. Msitazame mwale, hata ule unaorudi toka kwenye kioo. Na msiutoe nje ya dirisha. Mimi niliwahi kuuweka kwenye tumbo la Disipline akiwa uwanjani. Jina lake la kweli hatulihitaji. Kalasi nzima ilicheka. Prof hakucheka. Alinishika bega, akaniuliza taratibu, "Unajua katika mji huu kuna watu wangapi wenye bunduki ambao hawatapenda kuona nukta ya kijani kifuani?"  Kwa wiki moja sikugusa leza, na kwa wiki moja kila pikipiki ya askari ilipopita shuleni niliinama chini ya dirisha.

Sasa ndagala, wale dagaa wa ziwa letu.

Mwanzoni tulitia unga wa muhogo majini. Kwa siku mbili ulifanya kazi. Siku ya tatu mfereji ukanuka kama pipa la kuloweka, na chini ya kona pakawa na bugali. Tukajaribu chaki, ikazama. Niliyeleta dawa ni mimi, na nasema kwa sauti kwa sababu ni kitu pekee nilichofanya vizuri.

Mama Sifa anauza ndagala, na nyumba yake ni ya mwisho kwenye avenyu yetu, palepale kwenye kona ya mto. Asubuhi moja nilipita akiosha samaki, jua likaingia ndani ya beseni lake, na yale maji machafu yakawaka. Magamba! Vipande vidogo vya fedha, vinazunguka kila anapotingisha mkono, unaona njia yote ya maji.

"Weye Amani," akasema, "unatafuta nini mu beseni yangu?"

"Naomba haya maji, Mama."

"Ya kuoshea samaki? Koko wako hakupikie?" Koko ni mama wa mama yangu, ninayeishi kwake.

"Ni ya leza, Mama. Ya kupima mto."

Akaacha kuosha. Mvua zilizopita mto ulikuwa umechukua choo chake na nusu ya ukuta wa jikoni. Nyumba ilibaki ukingoni, imesimama kama mtu anayeogopa kugeuka. Vitu vyake vya maana, kitanda, cherehani, sanduku la nguo, alikuwa amevipeleka kwa dada yake huko Runingu. Yeye na watoto walikuwa wanalala mle ndani na mlango wazi, tayari kukimbia.

"Minye niko na watoto inne mu ile nyumba," akasema. "Ile mwangaza yenu itaniambia kama nikae ao nitoke?"

"Itakuambia, Mama," nikajibu, kwa kifua kabisa.

Chujeni magamba kwa kitambaa cha kikwembe, mara mbili. Yale makubwa mtupe, yanapepea kama sahani na hayafuati maji. Lile vumbi la fedha linalobaki ndilo dhahabu yenu. Harufu mtazoea. Wasichana wa kalasi ya nne hawajazoea, lakini hiyo ni habari nyingine.

Basi Papa Ramazani, shefu wa avenyu, mzee wa duka la vitambaa, akaunda kamati ya mawe. Kila nyumba itoe mikono, wajenge ukuta wa mawe konani kabla ya mvua kubwa. Mawe ya karibu, yale yanayobebeka, ni ya ukubwa wa kichwa cha mtu. Swali lilikuwa moja: mto ukijaa, mawe ya kichwa yatakaa chini ya ukuta, ao yataondoka? Yakiondoka, ukuta unakatwa miguu, na nyumba ya kwanza kufuata ni ya Mama Sifa. Papa Ramazani alimletea Prof swali hilo mwenyewe, kanzu yake nyeupe mpaka ndani ya labo letu lenye harufu. Tukaweka ukuta mdogo ndani ya mfereji. Prof akapanga telefone ya klabu, akaizungushia skochi, ule utepe wa gundi, akaandika juu yake kwa kalamu nyekundu: PICHA 30 KWA SEKUNDE. USIGUSE.

Mnanijua. Mtu akiandika usiguse, kwangu ameandika karibu.

Sikuigusa kwa ubaya. Nilitaka kumfilimu Disipline akikimbiza wachelewaji. Ukiongeza picha ziwe sitini, filamu inatoka ya polepole: shavu linapanda peke yake, tumbo linafika baadaye, fimbo inaelea kama jani. Ilikuwa nzuri sana. Kalasi nzima ililia kwa kucheka. Nikairudisha telefone kwenye skochi yake kama mtoto mwema.

Nilirudisha telefone. Zile sitini sikuzirudisha kuwa thelathini.

Kesho yake Prof alikuwa Kamanyola kwenye matanga ya mjomba wake. Tukapima bila yeye: mimi kwenye leza na telefone, Riziki kwenye daftari. Riziki ni wa kalasi yangu, anaandika tarakimu kama mtu anayefuma, na hacheki vichekesho vyangu ila akiwa mgonjwa. Alipitisha picha moja moja, akapima, akagawanya. Halafu akaweka kalamu chini.

"Kuna nini?"

"Maji yamelala," akasema. "Wiki iliyopita bila ukuta yalikimbia kuliko leo. Tumeyabana na ukuta, na yanaenda polepole? Maji yakibanwa yanapaswa kukimbia."

Hapo, wadogo zangu, ndipo mtu mwenye akili angetazama telefone. Mimi nikasema, "Labda ndagala wa wiki hii wamechoka, wametoka mbali."

Wale wa ndoo wakacheka. Riziki akaona haya, akaandika.

Prof alirudi macho mekundu, usingizi na msiba. Akafungua daftari, akatazama muda mrefu. "Picha ngapi kwa sekunde?" akauliza.

"Thelathini, Prof."

Sikutazama. Nilijibu kama unavyojibu hujambo. Prof akafanya hesabu yake ya kupandisha toka mfereji hadi mto, akamwandikia Papa Ramazani karatasi: mawe ya ukubwa wa kichwa yanatosha.

Nilijua siku ya Jumapili, baada ya kanisa. Nilikuwa kwa koko, tunakula. Nilikuwa nimepewa telefone ya klabu niichaji, na nikawaonyesha binamu zangu Disipline anavyoelea. Wakacheka mpaka mmoja, wa miaka minane, akauliza, "Mbona anaenda pole hivyo?"

"Ni picha sitini," nikasema. "Ukiziongeza, kila kitu kinaonekana ki…"

Nikarudisha tonge la bugali kwenye sahani. Sikutania tena siku ile. Nikafungua filamu ya mfereji, nikatazama maelezo yake. Sitini. Chembe zilikuwa zimesogea kidogo kwa sababu muda ulikuwa nusu. Tulipogawanya kwa muda mrefu kuliko ule wa kweli, tukapata maji nusu mwendo. Maji ya kweli yalikuwa na kasi mara mbili.

Mtasema, mara mbili tu. Hata mimi nilisema. Lakini Prof alikuwa ametufundisha jambo moja ambalo sitalisahau hata nikizeeka kweli: kasi ikiwa mara mbili, jiwe linalohitajika ili lisiondoke ni kubwa mara nne kwa upana. Mara nne kwa upana, mara nne kwa urefu, mara nne kwa kimo. Kwa uzito ni mara sitini na nne. Pale tulipowaambia kichwa kimoja, ilitakiwa vichwa sitini na vinne.

Nilikimbia mpaka mtoni na nguo za kanisa. Watu walikuwa wanafanya kazi, wanaimba, wamepanga mstari wa mkono kwa mkono, mawe ya kichwa yanapita kama mikate. Ukuta ulishafika kiunoni. Na mbele ya nyumba ya mwisho palisimama pikipiki, kitanda cha Mama Sifa kimefungwa nyuma yake, miguu juu. Cherehani ilishashushwa. Alikuwa anarudisha vitu toka Runingu.

"Amani!" akaniita, ana furaha. "Mwangaza yenu imesema vizuri. Leo watoto watalala mu kitanda, mulango tutafunga."

Juu ya milima palikuwa peusi.

Nikaenda kwa Papa Ramazani. "Papa, simamisheni. Hesabu ni mbaya. Maji yana nguvu kuliko tulivyosema."

Akanitazama nguo za kanisa, jasho, akaanza kutabasamu. "Na leo ni nini? Jana ulisema samaki watakuja kulala sokoni."

"Papa, si mchezo."

"Ni weye ulimwambia mke wangu ziwa limehamia Burundi, akatoka nje kuangalia?"

"Ni mimi, lakini..."

Watu wa mstari wakaanza kucheka. Mmoja akapaza sauti, "Mwacheni, iko anafanya teatre!" Mwingine akanipa jiwe, "Shika, komedien, beba." Nikalibeba. Nilisimama na jiwe mkononi, nasema kweli kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu, na kadiri nilivyosema kwa uchungu ndivyo walivyoona nimeongeza ufundi. Mama Sifa mwenyewe alicheka, akaniambia nisaidie kuingiza kitanda. Nikasaidia. Nilikiingiza mimi kile kitanda, kwa mikono yangu, mahali ambapo mto ungekuja kukitafuta.

Sijawahi kuogopa vile. Si kwenye mtihani, si wakati wa milio ya bunduki, maana wakati ule tunalala chini wote pamoja. Hofu hii nilikuwa nayo peke yangu.

Riziki alikuwa anasukwa nywele kwa dada yake, kichwa nusu kimesukwa. Nilimwonyesha ile sitini. Hakunitukana. Alisema tu, "Nilikuambia yamelala," akasimama vilevile, nusu ya kichwa imesimama angani, tukaenda kwa Prof.

Prof alisoma tarakimu mara tatu. Kisha akakaa kwenye kizingiti cha mlango. "Nilikuuliza," akasema.

"Ndiyo, Prof."

"Na mimi sikutazama mwenyewe." Akasugua uso. "Wamesimamisha kazi?"

"Wanacheka, Prof. Nimewaambia mimi."

Akanitazama, akaelewa yote. "Basi hawatakusikia weye. Wataona. Mfereji unabebeka?"

Mfereji haubebeki. Tuliubeba. Watu sita, pamoja na Disipline tuliyemkuta njiani akitoka kanisani, koti begani, ambaye hakuuliza ni nini, alishika tu pembe iliyokuwa inashuka. Tuliuweka mbele ya nyumba ya Mama Sifa, pipa juu ya meza yake ya samaki, shitingi juu ya vyote. Wale wa mstari wa mawe wakasogea. Waliona komedi imeletewa jukwaa.

Prof akapanga chini ya ukuta mdogo vijiwe vya ukubwa wa punje ya mahindi. "Hivi ni vichwa vyenu," akamwambia Papa Ramazani, "vimepunguzwa kama mto ulivyopunguzwa." Halafu akanigeukia mbele ya watu wote. "Picha ngapi?"

Nikatazama. Nikatazama tena. "Sitini, Prof. Na safari hii tunagawanya kwa sitini."

"Nani ataingia chini ya shitingi kutazama?"

Papa Ramazani akasafisha koo. Lakini Mama Sifa alishainama. Aliingia kichwa na mabega, nami nikaingia upande wa pili kushika leza. Ndani palikuwa giza na harufu ya beseni lake. Nikawasha. Pazia la kijani likasimama ndani ya maji, na magamba ya samaki wake mwenyewe yakawaka yote kwa pamoja. Alivuta pumzi. Nje Riziki akafungua bomba la pipa.

Juu, karibu na mgongo wa maji, magamba yalipita sawasawa, kama watu wanaoenda sokoni. Ila pale mguuni pa ukuta yalipiga mbizi. Yalishuka, yakajiviringa, yakarudi nyuma, yakashuka tena, duara moja linazaliwa ndani ya lingine, na kila duara lilipogusa chini lilinyanyua kijiwe. Kimoja kikaruka. Kikafuata kingine. Vijiwe vinne vikaondoka pamoja, na udongo uliokuwa chini yao ukaanza kutoka kama moshi.

"Inachimba," Mama Sifa akanong'ona.

"Ndiyo, Mama."

"Na hii hapa nyuma ya ukuta, hii ya udongo... ni nyumba yangu?"

"Ndiyo, Mama."

Ukuta mdogo ukainama, ukaangukia shimo ulilochimbiwa.  Mama Sifa alinyosha mkono polepole, akagusa kioo, kama unavyogusa paji la mtoto mwenye homa. Kisha akaniuliza, "Ulikijua hiki ukiniingizia kitanda?"

Wadogo zangu, hapo ningelikuwa na kichekesho kimoja tu katika dunia, ningekitoa. Sikuwa nacho.

"Nilikijua, Mama. Nilisema, wakacheka. Halafu nikanyamaza."

Alitoka nje. Papa Ramazani akaingia, akatazama, akatoka bila tabasamu. Wakaingia mmoja mmoja, wote wa mstari, na aliyeniita komedien alikaa ndani kuliko wote. Hakuna aliyecheka. Nilitamani wacheke.

"Mawe makubwa tutatoa wapi?" Papa Ramazani akauliza. "Ya kupandisha na mashine? Sisi tuko na mikono tu."

 Riziki alikuwa anaandika kitu na kukifuta. Aliyejibu ni Mama Sifa, mgongo wake kwetu, anafunga tena kitanda kwa kamba. "Jiwe kubwa hatuna," akasema. "Nyavu tuko nazo. Nyavu za ndagala zimezeeka, ziko zinaoza kule ufukoni kwa wavuvi. Mukizikunja mara inne, mutie mawe, mufunge mudomo. Samaki wadogo mu wavu moja, uzito wake unavunja mukono wa mwanaume. Mawe itakuwa namna gani?"

Prof alimtazama kama mwanafunzi anavyomtazama mwalimu. Akaomba kipande cha chandarua kilichochanika, akahesabu vijiwe sitini na vinne, akafunga kifurushi, akatengeneza vingine, akaviweka mguuni pa ukuta. Tukafungua maji. Tukapima mpaka jua likaenda, mimi nikisoma telefone kwa sauti kila mara bila kuulizwa. Magamba yalizunguka vilevile, kwa hasira ileile. Vifurushi vilitikisika, vikajilaza ndani ya shimo, vikakaa. Kimoja kiliondoka. Prof aliandika hicho pia.

Siku tatu avenyu nzima ilijaza nyavu. Disipline ndiye aliyehesabu mawe, sitini na manne kila wavu, na aliyetia sitini na matatu alirudishwa kupanga upya. Mama Sifa na watoto wanne walihamia kwa koko wangu. Nililala sebuleni juu ya mkeka, mtoto wake mdogo miguu yake mbavuni mwangu, na kila mara alipojigeuza niliamka kusikiliza mto.

Mto ulikuja siku ya nne, saa ya leson ya jiografia. Hatukuona mvua. Tulisikia mawe yakigongana, sauti ile ya chini inayoingia kwa miguu. Prof aliacha kalasi yake, sisi tukaacha yetu, tukakimbia mpaka barabara ya juu. Maji yalikuwa ya rangi ya kahawa na magogo ndani yake. Ukuta ulionekana, ukapotea, ukaonekana. Wavu mmoja wa mwisho ulijiviringa taratibu kama ng'ombe anayelala, ukaegemea mwenzake, ukasimama. Wa pili ulikwenda, hatukuuona tena. Mama Sifa alisimama kando yangu, ameshika mkono wangu kwa nguvu hata vidole vikafa ganzi, na hakuutazama mto. Aliutazama mlango wake tu.

Alasiri maji yalishuka. Jiko lilikwenda lote. Meza ya samaki ilikwenda. Nyumba ilibaki, na chini ya ukuta nyavu zilikuwa zimeshuka ndani ya shimo na kukaa, hivyohivyo tulivyoona ndani ya kioo.

Kesho yake Prof aliniomba leza na telefone. Hakugomba. Alisema, "Weye umepumzika," akampa Riziki. Ndivyo nilivyostaafu. Hapakuwa na keki. Kazi niliyobakiziwa ni moja: kila kipimo kabla hakijaandikwa, nasimama mlangoni pa labo na kuuliza swali lile la picha ngapi, na aliye kwenye telefone hajibu mpaka ametazama. Sasa swali hilo nawaachia ninyi. Atakayejibu bila kutazama, mtoeni nje, hata akiwa anachekesha. Hasa akiwa anachekesha.

Mvua kubwa zaidi bado haijaja. Nyavu mbili zinatakiwa kubadilishwa, na ile pembe ya juu hatujaipima. Mama Sifa amerudi nyumbani kwake, lakini cherehani ameiacha Runingu.

Nimeinua kichwa tena. Milima bado ni rangi ya sufuria. Na huyo hapo anapita chini ya dirisha, beseni la magamba kichwani, anawaletea ninyi. Ameniona. Anasimama, anapaza sauti mbele ya barabara nzima, pikipiki zote zinasikia:

"Amani! Picha ngapi?"

Telefone si yangu tena. Nimeinuka, nimekwenda kwenye meza ya Riziki, nimeitazama, ndipo nikarudi kumjibu.